Siku mbili Mombasa na watoto wadogo

Dada, umeuliza siku mbili Mombasa na watoto wa miaka 3 na 6 zigawanywe vipi. Kwanza, punguza hiyo orodha yako ya sehemu za kutembelea. Sehemu moja asubuhi, moja jioni, katikati walale.

Jumamosi anzeni Fort Jesus mapema, kabla jua halijachoma. Ngome ilianza kujengwa 1593, lakini wako watataka mizinga tu, na sawa. Juu ya kuta mshike mdogo mkono. Kigari kiacheni hotelini, vichochoro vya Mji wa Kale havikitaki. Leso mgongoni inatosha.

Jioni nendeni Mama Ngina, pale ufukweni, mkale mihogo ya kukaanga, ile inayopasuliwa ikitiwa ndimu na pilipili (ya watoto sema mapema isitiwe), na madafu, huku meli zikipita karibu kabisa. Wangu waliipenda kuliko ngome.

Jumapili ni Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi. Uliza getini saa ya kulisha twiga: ule ulimi mrefu wa kijivu ukigusa kiganja, mkubwa atapiga kelele, mdogo huenda akalia. Feri ya Likoni nayo ni matembezi ya bure kwa waendao kwa miguu, ila si saa za watu kutoka kazini.