Pipa la kujiloweka

SWALI: Nimejaribu ofuro, ule uogaji wa Wajapani wa kukaa kwenye maji moto, ndani ya pipa la lita 200. Povu lilijaa, mke wangu akagoma kuingia baada yangu, na nilipotoka nusura nianguke kwa kizunguzungu. Maji nachota ziwani. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Povu limetoka mwilini mwako. Ofuro si ya kuogea, ni ya kujiloweka mtu akishaoga. Kaa kwenye kigoda nje ya pipa, jisugue, jisuuze kwa kata mpaka utelezi uishe kabisa. Kisha jimwagie kata chache za maji ya pipa, kuanzia miguuni kupanda juu, ngozi izoee joto. Ndivyo familia ya Kijapani inavyoingia kwa zamu kwenye maji yale yale bila kuyachafua.

Ndoo moja ya lita 20 ya maji yanayochemka kwa ndoo tano za baridi hutoa nyuzi 37 au 38, na hapo ndipo mgeni aanzie. Lita tano zaidi za moto zitakufikisha karibu 40. Wajapani wengi hupenda 40 hadi 42. Koroga hadi chini, maana maji moto huelea juu. Usijaze pipa, mwili wako utayapandisha. Ukiamua kuwasha kuni chini yake, tandika ubao ndani wa kukanyagia, la sivyo bati litakuunguza nyayo.

Kizunguzungu ni hivi: joto hutanua mishipa, ukisimama ghafla damu hushukia miguuni. Kunywa maji kwanza (bia hapana), kaa dakika tano tu, inuka polepole, na mtu awe karibu. Mjamzito na mwenye presha waulize kliniki kwanza.

Maji ya ziwa ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Yaache saa 48 kwenye chombo chenye mfuniko, kisicho na konokono, au tumia ya bomba.

SWALI: Naweza kutia ndimu?
Msomaji, Igoma

JIBU: Wajapani huelesha matunda ya yuzu, jamii ya ndimu, siku ya usiku mrefu kuliko yote, mwezi Desemba. Ndimu tia nzima, usikate: maji ya ganda lake yakibaki kwenye ngozi nawe ukatoka juani, utapata malengelenge.