Kabla hujanunua rejeta kubwa: joto la oili kwenye ndege niliyoiunda mwenyewe

Ilikuwa Julai, saa nane mchana, joto la nje nyuzi 33. Nilikuwa futi 2,500 juu ya mashamba ya mahindi kaskazini mwa Minneapolis, peke yangu, ndani ya RV-9A, ndege ya viti viwili ya kujiundia, niliyoiunda kwa miaka sita kwenye gereji ya nyumbani. Ndege ilikuwa na saa tatu tu za kuruka. Sindano ya joto la oili ilikuwa imefika 113 na bado inapanda. Kikomo cha injini yangu, Lycoming O-320, ni 118.

Nikashusha pua, nikapunguza nguvu ya injini, nikageuza kurudi uwanjani. Kwa kadiri mwendo ulivyoongezeka ndivyo sindano ilivyoanza kushuka: 111, 108, 105. Jibu lote lilikuwa pale mbele yangu. Lakini mtu mwenye hofu haoni jibu. Jioni ile ile nikaagiza rejeta ya oili, kifaa cha kuipoza kwa hewa, kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo, na ikanigharimu zaidi ya dola 600. Nikaifunga, nikaruka, joto likapungua nyuzi mbili tu.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka nakutana na mjenzi mwingine aliyepita njia hiyo hiyo. Na nimeshaulizwa swali hili, la oili kupata moto kupita kiasi, na Waswahili wenzangu watatu au wanne, wawili wapo huku Marekani na wengine nyumbani. Basi niliweke lote mahali pamoja.

Geji nyingi za huku husoma Farenihaiti, ila hapa natumia Selisiasi.

Kwanza tuelewane kuhusu kiasi cha joto. Kitabu cha Lycoming kinataka oili ikae karibu na nyuzi 82 ndege ikiwa katika mwendo wa kawaida. Wengi huogopa ikipita hapo na kushangilia ikikaa chini, na hapo ndipo wanapokosea. Oili ya baridi nayo inaharibu injini, tena kimyakimya. Kila pistoni inaposukumwa, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na gesi hiyo ina mvuke wa maji. Kihisio cha joto kwenye injini hizi hupima oili ikiwa imeshapoa, inapotoka kwenye rejeta kuingia kwenye injini. Ikifika ndani inapata moto zaidi, kama nyuzi 25 hadi 30 juu ya unachokisoma. Ukisoma 82, ndani inapita 100, maji yanageuka mvuke na kutoka kwenye bomba la kupumulia. Ukisoma 60, maji hayatoki. Yanachanganyika na mabaki ya mwako, yanakuwa asidi, na kwenye Lycoming kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ipo juu ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), mahali ambapo oili huchuruzika yote injini ikizimwa. Kutu huanzia hapo.

Kwa hiyo kazi yako ni kuiweka oili mahali pake, kiangazi na baridi. Kuipoza ni nusu tu ya kazi hiyo.

Anza na geji. Usiguse kitu kingine chochote kabla ya kujua kama namba unayoisoma ni ya kweli. Mimi nilichomoa kihisio, nyaya zikiwa bado zimeunganishwa, nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, juu ya jiko la umeme nililoliweka kwenye stuli pembeni ya injini. Huku tupo kama futi 900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 99. Geji yangu ilisema 104. Kumbe nyuzi tano nzima za hofu yangu zilikuwa za uongo. Ukifanya kipimo hiki Dar es Salaam au Mombasa tarajia 100, lakini Nairobi maji huchemka kwenye 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko. Usije ukailaumu geji iliyo sahihi.

Halafu pima thamostati, inayoamua oili ipite kwenye rejeta au isipite. Ni kipande kidogo chenye mchi ambao hurefuka unapopata joto. Oili ikiwa baridi, mchi umerudi ndani na njia ya mkato iko wazi, oili nyingi inaikwepa rejeta. Ikikaribia nyuzi 85 mchi unatoka, unaziba ile njia ya mkato, na oili inalazimika kupita kwenye rejeta. Ifunge kwa waya, ining'inize kwenye maji bila kugusa sakafu ya sufuria, pandisha moto polepole huku kipimajoto kikiwa pembeni yake, na pima urefu wa mchi kwa vernia (rula ya vipimo vidogo) kila baada ya nyuzi tano. Ya kwangu ilitoka vizuri. Usiishie hapo, angalia na kile kitako ambacho mchi unakaa juu yake. Paka wino wa buluu wa mafundi, ukandamize, utoe. Alama iwe duara kamili. Rafiki yangu mmoja, ndege yake ikiwa na injini iliyotumika miaka mingi, alikuta alama ya nusu duara tu, kama mwezi mchanga. Nusu nyingine ilikuwa inapitisha oili ya moto moja kwa moja bila kugusa rejeta. Mtu huyo angeweza kufunga rejeta ya lori na asingeona tofauti.

Sasa upepo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ugonjwa wa ndege nyingi za kujiundia ulipo.

Jirani yangu wa hanga, yaani banda la ndege, mzee aliyeunda ndege mbili kabla yangu, alinisikiliza nikimweleza habari ya rejeta kubwa. Hakusema neno juu ya rejeta. Aliniambia nirudi usiku. Saa tatu usiku tukakutana, akaingiza taa ya waya ndani ya boneti kupitia tundu la upepo la mbele, akafunga kila kitu, akazima taa za hanga. Tukaenda tukachuchumaa chini, tukachungulia kutokea kwenye tundu la nyuma ambako hewa moto hutokea.

Mwanga ulikuwa kila mahali. Kona ya kushoto, chini kidogo ya rejeta, palikuwa na ufa kati ya bati na injini, upana wa kijiti cha kiberiti, urefu wa kiganja. Nyuma, raba ya kuzibia ilikuwa imekunjikia upande usio sahihi kwa urefu wa sentimita 20 hivi. Tundu za boliti ambazo niliziacha wazi nikisema nitazirudia, zilikuwa zinang'aa kama nyota. Yule mzee akaninyooshea kidole sehemu moja baada ya nyingine, nami nikawa naweka alama kwa kalamu ya rangi. Nilihesabu kumi na tisa.

Ukiona hivyo utaelewa. Ndege ikiruka, hewa inaingia mbele na kujaa juu ya injini, pale juu shinikizo ni kubwa. Chini ya injini shinikizo ni dogo. Mabati na raba vinaitenga sehemu ya juu na ya chini, ili hewa isiwe na pa kupita ila katikati ya mapezi ya silinda na ndani ya rejeta. Hewa ni kama maji ya mfereji, hupenda penye wepesi. Rejeta ni ukuta wenye vitundu vidogo vidogo, ufa ni mlango. Ukifunga rejeta kubwa zaidi huku milango kumi na tisa iko wazi, umeongeza tu uzito wa chuma puani.

Nilimaliza jioni mbili kuziba. Nyufa za bati nilizijaza silikoni nyekundu ya kuhimili moto, baada ya kusafisha mafuta yote kwa spiriti, la sivyo haishiki. Raba nilizibadilisha na kuzikata upya. Zingatia hili: raba lazima ilalie upande wa hewa yenye shinikizo, yaani ikunjike kuelekea ndani na mbele, ili hewa yenyewe iibandike kwenye boneti. Ikilala kinyume, hewa inaifungua kama pazia.

Tofauti ya shinikizo niliipima kabla ya kuziba na baadaye. Mpira mwembamba unaoona ndani, maji yenye rangi, umbo la U kwenye ubao ndani ya chumba cha rubani, ncha moja juu ya injini na nyingine chini. Katika mwendo wa noti 120 (maili 120 za baharini kwa saa), kabla ya kuziba, tofauti ilikuwa sentimita 10 za maji. Baada ya kuziba ikawa 15. Kifaa chote ni cha dola chache, nacho kilinieleza mengi kuliko ile rejeta.

Siku yenye joto kama lile la Julai nikaruka tena. Geji mpya niliyoifunga badala ya ile ya uongo, nayo nikiwa nimeipima, ikasoma 97 wakati wa kupanda.

Lilibaki bomba la hewa. Rejeta yangu imefungwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, kwa hiyo hewa inaletwa kwa bomba linalopindika. Nilikuwa nimetumia la inchi 3 kwa kuwa lilipita kwa urahisi. La inchi 4 lina eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 80. Nikabadilisha, nikapunguza mkunjo mmoja, ikashuka hadi 91. Mwishowe nikarudisha rejeta ndogo ya awali ili nijiridhishe. Ikasoma 93.

Haki ya kusema ni kwamba sehemu ya joto la mwanzo ilitokana na silinda kuwa mpya. Ringi zinapojikalisha kwenye silinda msuguano ni mkubwa, na kwa saa za mwanzo oili hupata moto kuliko kawaida. Usibadilishe muundo wa ndege kwa sababu ya saa tano za kwanza, ila kikomo usikivuke hata mara moja.

Na jifunze kupanda kwa pua iliyoshuka. Shinikizo la upepo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukipanda kwa noti 110 badala ya 80, unapata karibu maradufu ya shinikizo bila kutumia senti. Ile siku ya kwanza, joto liliposhuka niliposhusha pua, injini ilikuwa inaniambia wazi kwamba inakosa upepo.

Kijana mmoja wa Nairobi ameniuliza kuhusu Rotax 912, injini inayotumika sana kwenye ndege nyepesi za Afrika Mashariki. Kanuni ya upepo ni ile ile, na kumbuka hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kwa mwendo ule ule inapoza pungufu kuliko ile unayoizoea Malindi. Namba ndizo tofauti: Rotax wanataka oili kati ya 90 na 110, na siku unayoruka ifike 100 walau mara moja ili maji yatoke. Kikomo cha 912 ULS ni 130. Oili yake inakaa kwenye tangi la pembeni, kwa hiyo kabla ya kupima kiasi zungusha propela kwa mkono, swichi zikiwa zimezimwa, kuelekea upande inaozungukia tu, hadi usikie tangi likibwabwaja. Usiirudishe nyuma kamwe.

Kisha ikaja Januari. Nyuzi 18 chini ya sifuri, na injini ile ile iliyonitisha kwa moto sasa ilikuwa inasoma 58 baada ya nusu saa angani. Wengine hubandika utepe wa alumini juu ya nusu ya rejeta. Unafanya kazi, lakini ukiruka asubuhi ya baridi na mchana jua likatoka, huwezi kuubandua ukiwa juu. Mimi nilitengeneza kipepeo cha alumini, kibati kinachozunguka kuzuia hewa, ndani ya lile bomba la inchi 4, kinachovutwa kwa kebo kutoka kwenye dashibodi. Nilikikata kidogo pembeni ili kisizibe kabisa, na nikaweka springi inayokifungua chenyewe kebo ikikatika. Hilo la springi usiliruke.

Baridi ikizidi nyuzi 12 chini ya sifuri, Lycoming wanataka injini ipashwe moto kabla ya kuwashwa, nami naichomeka kwenye umeme usiku uliotangulia. Na usiwashe injini ukaiacha inguruma chini dakika kumi kwa nia ya kuikausha. Haifiki joto la kutosha, unaiongezea maji tu. Ruka, au iache.

Asubuhi ya baridi sasa naondoka kipepeo kikiwa kimefungwa nusu. Oili ikifika 75 naanza kukifungua kidogo kidogo, na kwa kawaida inatulia kwenye 84. Klipu mbili zinazoshika kebo nazikagua kila ninapobadilisha oili, baada ya saa 50, pamoja na ule ufa wa kona ya kushoto.