Stempu ya Babu Ina Meno Pande Mbili Tu

SWALI: Shikamoo mzee. Katika bahasha za marehemu babu nimekuta stempu ndogo nyekundu ya peni moja kutoka Afrika Kusini, ina picha ya muuguzi. Pande mbili zina meno ya kawaida, lakini pande nyingine mbili zinazotazamana zina vijikato tu. Muuza vitu vya kale kaniambia imeharibiwa kwa mkasi. Ni kweli? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo muuzaji msamehe tu. Stempu yako ni nzima kabisa.

Ni ya wakati wa vita. Kuanzia 1942 Afrika Kusini ilibana matumizi ya karatasi, ikachapa stempu ndogo hadi zikapewa jina la kuku wafupi, "bantam". Zilitoka kwa mafungu ya mbili mbili au tatu tatu. Kulizunguka fungu, mashine ilitoboa matundu na kutoa vipande vidogo vya karatasi. Ukichana hapo ndipo yanapobaki meno. Ila ndani ya fungu, kati ya stempu na stempu, palipitishwa makali tu: yanakata kidogo, yanaruka, yanakata tena, na karatasi haitoki hata chembe. Ukichana hapo unapata ukingo wa manyoyamanyoya, kama mkate uliomegwa.

Wauguzi wa peni moja walitoka watatu watatu. Haya, piga hesabu. Wa pembeni ana vijikato upande mmoja. Wako anavyo pande mbili, basi huyo ni wa kati.

Ujanani nilikuwa nao watatu, wameshikana. Nikawachana ili wakae vizuri kwenye albamu! Wakusanyaji wanataka fungu zima, na mpaka leo nikiufikia ukurasa ule naufunua upesi nipite.

Yapo ya ajabu zaidi. Finland, ikiwa chini ya Urusi, mwaka 1860 ilitoa stempu zilizokatwa kwa mawimbi, meno marefu kama ya kitana. Hukatika kwa kuguswa tu, na mnunuzi huyahesabu moja moja kabla hajatoa pesa.

Yako iache palepale kwenye bahasha. Usiiloweke, wala usiinyooshe kingo kwa mkasi. Kisha soma jina la nchi: ikiwa ni "South Africa", wale wenzake wawili waliandikwa "Suid-Afrika", yaani jina lilelile kwa Kiafrikana; ikiwa ni "Suid-Afrika", basi wao waliandikwa "South Africa".