Miguu inavimba tangu nianze dawa za presha: nizipumzishe?

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni mama wa miaka 52. Miezi minne iliyopita nilikutwa na presha 168/104. Daktari alinianzishia amlodipini 5 mg, mwezi uliofuata akaipandisha hadi 10 mg na kuniongezea losatani 50 mg. Sasa nikipima nyumbani napata 126/80, siku nyingine 124/78. Shida ni miguu: ikifika jioni imevimba, viatu havinienei. Jirani yangu, naye ana presha, anasema namba zikishakuwa nzuri dawa unaipumzisha, na kwamba kuna kidonge cha kukojoa anachotumia yeye, nikikimeza siku tatu uvimbe utanywea. Jingine: wiki iliyopita nilisahau dawa siku moja, kesho yake nikameza dozi mbili kwa pamoja, nikashikwa na kizunguzungu nusura nianguke. Nikisahau tena nifanyeje? Na ni bora kumeza asubuhi au usiku? Natumia pia diklofenaki kwa ajili ya magoti, ila hiyo si kila siku.

JIBU: Pole, mama. Miguu nitaifikia, lakini niruhusu nianze na hiyo diklofenaki uliyoitaja mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Katika yote uliyoandika, hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Watu wengi hawaihesabu dawa ya maumivu kuwa dawa. Namwuliza mtu dirishani, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Ananijibu hakuna. Kisha anafungua mkoba kutafuta cheti, na pakiti ya vidonge vya maumivu inachungulia humo ndani. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake huufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Presha inapanda, dawa ulizoandikiwa zinapungukiwa nguvu, na yale maji yaliyoshikiliwa yanateremka miguuni. Kwa hiyo uvimbe wako una washukiwa wawili, na jirani anamlenga mmoja tu, tena kwa silaha isiyofaa.

Sasa tuone kidonge chake kingefanya nini. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja. Kila kichujio kina mshipa wa kuingizia damu na mshipa wa kuitolea, na damu huchujika kwa sababu ya msukumo uliopo kati yake. Losatani hulegeza mshipa wa kutolea. Ikiwa peke yake haina neno, na kwa wagonjwa wengi hata huilinda figo. Diklofenaki hubana mshipa wa kuingizia. Kidonge cha kukojoa kinapunguza maji kwenye damu yenyewe. Ukivikutanisha vyote vitatu, damu inayofika ni kidogo, pa kuingilia pamebanwa, pa kutokea pako wazi. Msukumo unaporomoka na figo inashindwa kuchuja. Wengine huona mkojo umepungua, wakapata kichefuchefu na uchovu. Wengine hawaoni lolote mpaka damu ipimwe. Mtu akiwa anaharisha au anatapika, hufika huko upesi zaidi. Jirani yako huenda alipewa kidonge hicho kwa sababu nzuri kabisa, lakini sababu hiyo ni yake.

Isitoshe, kisingekusaidia. Amlodipini hupanua mishipa midogo inayopeleka damu, ila ile inayoirudisha haiipanui kwa kiasi hicho. Damu inafika kwa wingi kwenye vijishipa vya miguuni, inakuta njia ya kurudia ni ileile ya zamani, na majimaji yanavujia kwenye nyama. Kwa kuwa mchana kutwa umesimama au umekaa, yanajikusanya chini. Ndiyo maana asubuhi miguu inakuwa imenywea na jioni viatu vinakataa. Sehemu hii ya uvimbe haitokani na maji kuzidi mwilini. Yamehama mahali tu. Kidonge cha kukojoa kitakukamua mwili mzima, na uvimbe kitauacha pale pale.

Uvimbe wa amlodipini huenda na dozi. Wanaomeza 5 mg wengi hawaupati, kwenye 10 mg huwa wa kawaida zaidi, na wanawake huupata kuliko wanaume. Hebu kumbuka: ulianza kabla ya dozi kupandishwa au baada? Na siku ulizomeza diklofenaki, kesho yake miguu ilikuwaje? Majibu ya maswali hayo mawili yatamsaidia daktari wako kuliko maelezo yangu yote.

Leo jioni kaa kitini, bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa ugoko, karibu na kifundo. Hesabu polepole hadi kumi, kisha achia. Pakibaki kishimo, ni majimaji. Fanya hivyo miguu yote miwili. Ikiwa imevimba sawasawa na huna dalili nyingine, si jambo la kukukimbiza usiku. Nenda kliniki wiki hii. Ukikuta umevimba mguu mmoja tu, unauma au una joto, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu damu huganda kwenye mshipa kwa namna hiyo. Vivyo hivyo ukiishiwa pumzi unapolala chali, au uso ukivimba asubuhi. Midomo au ulimi ukivimba ni dharura ya saa hiyo hiyo. Hilo hutokea mara chache kwa losatani, na mara nyingi zaidi kidogo kwa dawa za kundi la enalaprili na lisinoprili, zile zinazosifika kwa kuleta kikohozi kikavu.

Daktari anaweza kukurudisha kwenye 5 mg na kupandisha losatani, au akabadilisha amlodipini kabisa. Zipo njia kadhaa, na uamuzi ni wake. Ninachokuomba ni usijipunguzie mwenyewe kwa kukata kidonge.

Tuje kwenye kupumzisha. Hiyo 126/80 ni presha yako ikiwa imeshikwa na dawa. Dawa hizi hazitibu presha ikaisha, zinaizuia kila siku. Lakini namwelewa jirani, maana amlodipini ina tabia moja inayowadanganya wengi. Ni dawa inayotoka mwilini polepole mno: nusu yake tu inahitaji saa 30 hadi 50 kuondoka. Mtu anaacha Jumatatu, anapima Jumatano, anakuta namba nzuri, anatangaza kwamba amepona. Presha inarejea wiki inayofuata, kimyakimya, bila kuumwa kichwa wala moyo kwenda mbio, na kwa wakati huo kifaa cha kupimia kimesharudishwa kabatini. Niongeze kwa wasomaji wengine: wanaotumia atenololi, bisoprololi, propranololi au klonidini wasithubutu kuziacha ghafla hata siku mbili. Hizo zikikatwa, presha na mapigo ya moyo huweza kuruka juu kupita pale yalipokuwa mwanzo, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio.

Je, kuna anayepunguziwa dawa? Yupo. Mtu aliyepungua uzito kweli, akapunguza chumvi na pombe, akawa anafanya mazoezi, namba zake zikashuka na kubaki chini kwa miezi, daktari humpunguzia hatua kwa hatua huku akimpima. Huo ni mpango. Kuacha kwa sababu miguu inakera ni jambo jingine, ingawa nakubali inakera.

Kuhusu kusahau: ukikumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake wakati wa dozi mpya umeshafika au umekaribia, iache iliyopita iende zake na umeze ya leo peke yake. Usifidie. Kwa amlodipini hasa, siku moja ukisahau bado kuna akiba mwilini, kwa hiyo dozi mbili za kesho yake zinakuja juu ya akiba hiyo, na losatani mbili juu yake. Kizunguzungu chako hakikuwa na muujiza. Kikirudi, kaa au lala na unyanyue miguu; ukiinuka, inuka kwa vituo, kwanza ukae ukingoni mwa kitanda.

Kuna njia nyingine ya kumeza dozi mbili bila kujua, na nimeiona kwa macho yangu. Mzee mmoja alikuja analalamika kwamba akisujudu na kuinuka anaona giza. Nikamwomba aniwekee dawa zake zote mezani. Akatoa boksi mbili, moja ya bluu na moja nyeupe, majina makubwa ya mbele tofauti kabisa. Nikamwonyesha maandishi madogo chini ya kila jina: amlodipini, amlodipini. Boksi moja alipewa kliniki, nyingine aliinunua alipokuwa safarini, akadhani ni mbili zinazosaidiana. Jina kubwa ni la kiwanda. Dawa yenyewe ni lile jina dogo, na hilo ndilo la kuligeuzia macho kila unapopewa boksi jipya.

Asubuhi au usiku? Zamani tulibishana sana. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu zaidi ya 21,000, wengine wakimeza asubuhi na wengine jioni. Mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo havikutofautiana. Chagua saa usiyoisahau. Wewe uliyesahau wiki iliyopita, ifunge dawa kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kufikiri, mathalani kupiga mswaki. Ila boksi lisikae bafuni, unyevu huharibu vidonge. Wanaoandikiwa vidonge vya kukojoa ndio ninaowaambia wameze asubuhi, wasije wakakesha chooni.

Magoti sasa. Acha kumeza diklofenaki mpaka uonane na daktari. Kwa maumivu tumia parasetamoli ya kawaida: vidonge viwili vya 500 mg kwa wakati mmoja, uache saa sita kabla ya kurudia, na jumla isizidi vidonge nane kwa saa 24. Kama una shida ya ini au una uzito mdogo sana, uliza kwanza. Usichukue ile inayochemka ndani ya glasi, kwa kuwa mchemko wake unatokana na chumvi za sodiamu, na sodiamu ndiyo tunayoikimbia. Unaweza pia kumwuliza daktari kuhusu jeli ya kupaka kwenye goti. Hata ile ya diklofenaki, kiasi kinachoingia kwenye damu kupitia ngozi ni kidogo sana kulinganisha na kidonge. Na ukipata mafua, mwambie anayekuuzia dawa kwamba una presha, kwani baadhi ya dawa za kuzibua pua, kama zenye sudoefedrini, hubana mishipa na kuipandisha.

Losatani ina masharti yake mawili matatu. Huongeza potasiamu kwenye damu, kwa hiyo achana na chumvi mbadala zinazouzwa kwa sifa ya "sodiamu kidogo". Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Damu inatakiwa kupimwa, kuangalia figo na potasiamu, ndani ya wiki chache baada ya kuianza. Kama hujapimwa, ulizia. Ukiharisha au kutapika kwa siku nzima, piga simu kliniki uulize kama uisimamishe kwa muda. Na kwa binti anayesoma hapa akiwa na presha na anapanga kubeba mimba: losatani na kundi la enalaprili humdhuru mtoto tumboni, zungumza na daktari mapema akubadilishie.

Unapima nyumbani, na hilo ni jema sana. Pima asubuhi kabla ya kumeza dawa, umeshakojoa, umekaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika moja, uandike zote mbili, hata ile usiyoipenda. Ukikuta 180/120 au zaidi huku kifua kinabana, mdomo umepinda, upande mmoja umelegea au macho hayaoni vizuri, nenda hospitali mara moja. Ukikuta namba hiyo bila dalili yoyote, tulia, rudia baada ya dakika chache. Ikibaki hapo wasiliana na kliniki siku hiyo. Kuongeza kidonge juu ya kidonge ili ishuke haraka kumewahi kuwaletea watu kiharusi kwa sababu damu ilipungua ghafla kwenye ubongo.

Ukienda kliniki, chukua maboksi yote, na diklofenaki uiweke juu. Daktari akikupunguzia amlodipini, usitazame miguu kesho yake ukakata tamaa. Kwa jinsi dawa hii inavyotoka taratibu, uvimbe unaweza kuchukua wiki moja hadi mbili kunywea. Kwa sasa, jioni lala uiinulie mito hadi ipite usawa wa moyo, nusu saa hivi.