Kangaga-mti: ukinunua urefu, unanunua miaka

Ukiona kangaga-mti, yaani kangaga (fern) lenye shina kama la mti, linauzwa kando ya barabara, na shina lake limekupita kimo, uliza kwanza limetoka wapi. Mmea huu hauna haraka. Dicksonia antarctica, la kusini-mashariki mwa Australia, huongezeka takriban sentimita 3 hadi 5 kwa mwaka. Shina la mita 2 basi lina miaka 40 au zaidi, na msituni linaweza kuishi karne kadhaa. Shina refu la bei rahisi mimi hulitilia shaka kuwa limeng'olewa porini, na silinunui.

Anza na mche mdogo, wala usivunjike moyo. Miaka ya mwanzo utadhani umedumaa, kumbe unapanua kilele chake kwanza, ndipo shina lianze kupanda. Halafu shina lenyewe halina mbao kama la mwembe. Unene mwingi unaouona ni mizizi iliyolizunguka na kushikana, nayo hunywa maji. Ndiyo maana mimi humwagilia shina zima kuanzia juu. Wengi humwagilia udongo tu, na mmea unakauka wakiutazama. Kilele nacho kilindwe mno: majani yote huchipuka hapo, na kikifa, kwa kawaida ni kama mnazi uliokatwa kichwa.

Kwa Mombasa, Dicksonia lisahau, ni la baridi. Langu ni Sphaeropteris cooperi, la Queensland na New South Wales, linalostahimili joto zaidi na likipendezwa hukua hata sentimita 30 kwa mwaka. Nimeliweka ndani ya ua, kivulini, ukuta ukilikinga na upepo wa bahari. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kwa hiyo nakinga ya mvua wakati wa masika na kuyaweka kwenye tangi hadi kaskazi. Udongo wetu wa matumbawe una chokaa nyingi mno kwake. Tumia pipa lenye majani yaliyooza vizuri.

Jambo moja nalisisitiza. Huko Hawaii, aina hii ilitoka bustanini ikavamia misitu ya asili, maana spora zake, vumbi laini linalootesha miche mipya, hupeperushwa na upepo. Milima ya Taita ina makangaga-mti yake, Alsophila manniana, kando ya vijito. Kwa hiyo anayeniomba mche aupeleke Wundanyi, huko huko Taita, ndugu au rafiki, namnyima.