Kuzunguka pwani ya Mallorca kwa baiskeli: bahari iwe mkono wa kulia

Mara ya kwanza nilipoendesha baiskeli kwenye barabara ya Ma-10, inayopita katika milima ya Serra de Tramuntana kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Mallorca, nilianzia Andratx na kuelekea Pollença. Sikushauri ufanye hivyo. Nchini Hispania magari hupita kulia, kwa hiyo anayekwenda upande huo huambaa na mwamba, huku bahari ikiwa kushoto kwake, ng'ambo ya magari yanayomjia. Kila nilipotaka kusimama niitazame, ilinibidi kuvuka barabara palipo na kona, na mara nyingi niliona hatari nikaendelea na safari. Mwaka uliofuata nilianzia Pollença, bahari ikawa mkononi mwangu wa kulia, na barabara ileile ikanipa furaha ambayo sijaipata kwenye safari nyingine yoyote ya baiskeli.

Sisi tuliojifunza kuendesha Tanzania au Kenya, ambako hupitwa kushoto, tuna jambo la kuzingatia zaidi. Penye magari mengi hutakosea, kwa sababu utafuata wenzako. Hatari iko pale unapoondoka baada ya kupumzika, barabara ikiwa tupu, ambapo mwili hurudia mazoea yake bila kukuuliza. Kabla ya kupanda tena baiskeli, mimi hutamka kwa sauti neno "kulia", na tangu nianze kufanya hivyo sijakosea.

Njia nzima ina urefu wa takriban kilomita 110, na wapo wanaoimaliza kwa siku moja. Ningekusihi uigawe kwa siku mbili au tatu, na ulale Sóller. Kipande cha kutoka Pollença hadi hapo ni cha milimani zaidi kuliko cha pwani: utapita karibu na monasteri ya Lluc, kisha kwenye handaki lililo chini ya Puig Major, mlima mrefu kuliko yote kisiwani, ambamo ni lazima uwashe taa. Baada ya handaki hufuata mteremko mrefu hadi Sóller, na hapo ndipo breki hupimwa. Baiskeli niliyokodi mwaka ule nilipoanzia Pollença ilikuwa na pedi za breki zilizokwisha, nami sikuzikagua. Nililazimika kushuka sehemu kubwa ya mteremko huo kwa miguu. Zikague dukani, kabla ya kulipa. Ukiwa mteremkoni, punguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, si ukiwa ndani yake.

Ikiwa miguu ina nguvu, chepuka kwenda Sa Calobra, barabara ya karibu kilomita 10 iliyobuniwa na mhandisi Antonio Parietti na kukamilika mwaka 1932. Inashuka kutoka mita 682 hadi usawa wa bahari, na mahali fulani hujizungusha na kupita chini yake yenyewe, ndiyo maana wenyeji wakapaita fundo la tai, ile ya kuvaa shingoni. Nenda asubuhi na mapema, kwani baadaye mabasi ya watalii hujaza kona zile nyembamba, na kumbuka kwamba kila mita unayoshuka utaipanda.

Sehemu ya pwani hasa huanzia Sóller. Ukiteremka kwanza hadi bandarini, jihadhari na reli za tramu iliyopo tangu mwaka 1913: zivuke kwa kuzikata moja kwa moja, kamwe si kwa mshazari, kwa kuwa tairi jembamba hunasa humo.

Kutoka Sóller usiondoke mapema kupita kiasi. Pwani hii inatazama kaskazini-magharibi, kwa hiyo asubuhi milima huifunika kwa kivuli na maji huonekana meusi. Jua huifikia vizuri alasiri. Nilipofika Banyalbufar saa kumi, matuta ya mashamba yaliyojengwa kwa mawe yalikuwa yameng'aa tangu mlimani hadi karibu na mawimbi, na mbele kidogo, kwenye ukingo wa jabali, ulisimama Torre del Verger, mnara ambao walinzi waliutumia kuchungulia majahazi ya maharamia. Nilikaa pale karibu saa nzima, wala sikujutia.

Jaza chupa zako maji Estellencs, kwa maana baada ya hapo barabara hupanda tena, na hutakuta kijiji kingine hadi Andratx.