Shahawa za farasi hazitaki haraka: kwa mnaoanza kazi

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye mashamba ya farasi huku Ujerumani, nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu wa kwanza gari la kupeleka shahawa kwa jike wa shamba jingine lilikuwa linanisubiri nje, nami nikaona njia ya mkato: nikachukua mfuko wa shahawa zilizotoka kuchanganywa na kimiminika cha kuzihifadhi, za moto bado, nikaufukia kwenye barafu upoe upesi. Ile sampuli tuliyobakiza niliipoza vilevile. Kesho yake nikapasha tone lake na kulitazama kwa hadubini. Nyingi zilikuwa zimekufa. Zilizobaki zinazunguka palepale kama pia, nyingine zinarudi kinyumenyume. Msimamizi akachungulia, akaguna, akaenda kumpigia mwenye jike.

Huo ndio mshtuko wa baridi. Kutoka joto la mwili hadi karibu nyuzi 20, mbegu huvumilia kupoa. Hatari iko kati ya nyuzi 19 na 8, ambapo utando wake huharibika ukiharakishwa. Hapo joto lishuke kwa nyuzi 0.05 hadi 0.1 tu kila dakika, yaani saa mbili hadi karibu nne kwa kipande hicho peke yake. Likifika 5, liache hapo. Ndiyo maana ndani ya masanduku ya kusafirishia shahawa kama Equitainer barafu haigusani na shahawa.

Ila hata kabla ya baridi tunaziua nyingi. Uke bandia, chombo tunachokamulia dume, hujazwa maji ya moto, na yakivuja kidogo tu kwenye shahawa, mikia ya mbegu hujikunja. Sabuni iliyobaki kwenye chupa, mkojo, jua la dirishani, sirinji yenye mpira: vyote ni sumu. Chuja ule ute mzito mara moja, kisha changanya na ekstenda, yaani kile kimiminika cha kuzihifadhi, ya maziwa yasiyo na mafuta, glukosi na antibiotiki, iliyopashwa nyuzi 37.

Hesabu msiibahatishe. Tuseme umepata mbegu milioni 200 kwa mililita. Sehemu moja ya shahawa kwa nne za ekstenda inakupa milioni 40. Zinazoogelea mbele zikiwa asilimia 70, hizo ni milioni 28. Dozi ya kusafirisha inataka bilioni 1 zinazoogelea mbele, kwa hiyo jaza mililita 36 hivi. Toa hewa yote mfukoni.

Bakiza sampuli kidogo, ipoze sawasawa na dozi, uipime baada ya saa 24. Zinazoogelea mbele zikiwa chini ya asilimia 30, mwambie mteja ukweli. Kuna madume mazuri sana ambayo shahawa zake hazikubali baridi, na kuziondolea majimaji yake kwa sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, husaidia baadhi tu.

Upande wa kupokea, usizipashe. Jike mwenyewe atazipasha tumboni.

Na atakayerudi Nairobi akitaka kuanzisha huduma hii, asiwategemee wenye farasi wa mbio wa Thoroughbred: uhimilishaji, yaani kumtia jike shahawa kwa mkono wa mtu, kwao hauruhusiwi, dume lazima apande mwenyewe.

Mwisho, lebo. Jina la dume, tarehe, idadi ya mbegu, na saa. Saa ya huku, jamani! Mimi niliandika 3:00 kwa mazoea ya nyumbani, daktari akapiga simu kuuliza ni nani anayekamua dume saa tisa za usiku.